Nyama ya kulungu Wisconsin: mwongozo kamili wa kuwinda, kupima na kupika wakati huu wa ugonjwa wa kukondesha

Kila Novemba, Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Shukrani, msimu wa bunduki hufunguliwa Wisconsin na watu zaidi ya laki tano huingia porini kwa siku tisa. Kwa familia yenye watoto wengi, kulungu mmoja kwenye friza hupunguza sana gharama ya kitoweo cha majira ya baridi, na nyama yake ni nyekundu, haina mafuta mengi, inakubali mchuzi wa nazi na inakubali mishkaki. Nimemwandikia Mswahili anayeishi huku kaskazini ya kati ya Marekani, awe anawinda mwenyewe au analetewa paja na jirani.

Msimamo wangu nauweka mbele: kulungu apimwe ugonjwa wa kukondesha (kwa Kiingereza chronic wasting disease, au CWD), ugonjwa wa ubongo unaoua kulungu, kabla ya kuliwa, kila mmoja, hata awe amenona vipi. Na sisi tuna sababu ya kulisikiliza hili kuliko wenyeji wengi. Mmarekani wa kawaida hula minofu na kutupa yaliyobaki. Sisi tunapenda supu ya kichwa, bandama, ubongo na mifupa ya kufyonza. Huko ndiko ugonjwa huu unakojikusanya.

Ujue unachopambana nacho

Mwaka 1967, katika kituo cha utafiti kilichopo Fort Collins, Colorado, kulungu waliokuwa wakifugwa walianza kukonda na kufa bila sababu iliyoeleweka. Ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi daktari wa mifugo Elizabeth Williams alipotazama ubongo wao kwa hadubini na kukuta umejaa vitundu vidogo. Alitambua kwamba ni ugonjwa wa ukoo mmoja na ule wa kondoo uitwao skrepi, ukoo ambao baadaye ungemtoa pia ng'ombe wazimu wa Uingereza. Mwaka 1981 ulionekana kwa elki, kulungu wakubwa, wa porini huko huko Colorado. Februari 2002 ukathibitishwa Wisconsin, kwa kulungu watatu waliopigwa karibu na mji wa Mount Horeb, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana mashariki ya mto Mississippi. Sasa umefika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani na majimbo kadhaa ya Kanada. Mwaka 2016 uligunduliwa Norwe kwa kulungu wa Aktiki, na serikali ya huko iliamua kuua kundi zima la eneo la Nordfjella, zaidi ya wanyama 2,000, ili kuuzuia.

Kinachousababisha si bakteria wala kirusi. Ni prioni, yaani protini ya mwili wa mnyama mwenyewe iliyojikunja vibaya, ambayo ikigusana na protini nzima huikunja nayo. Kijiko cha mtindi kikiingia kwenye maziwa mabichi, yote hugeuka. Prioni hufanya kazi ya namna hiyo ndani ya ubongo, ila yenyewe haina uhai, na kwa hiyo haiuawi. Kuchemsha hakuimalizi. Kuchoma, kukausha kwa moshi, kugandisha, kulowesha kwenye siki au ndimu, vyote haviimalizi. Hutoka kwa mate, mkojo, kinyesi na mzoga, hushika kwenye udongo, na hubaki huko miaka ikiwa bado na nguvu ya kuambukiza. Mnyama mwingine anakuja kula nyasi hapo.

Kulungu aliyeambukizwa huishi mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili bila dalili yoyote. Anakimbia, anapanda, anazaa. Dalili huja mwishoni kabisa: mbavu zinaonekana, masikio yanalegea, mate yanamtoka, anayumba, haogopi watu. Akishafika hapo hana muda mrefu. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nilimwangalia, alikuwa mzima", usikubali maneno hayo yafike jikoni kwako. Wengi wanaotoka na majibu mabaya maabara walikuwa wamenona.

Je, unamwambukiza binadamu? Hadi leo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa kuupata kwa kula nyama ya kulungu, na watu wameila kwa miongo. Ukiwa umeshakula huko nyuma nyama isiyopimwa, usikae na hofu. Lakini kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinashauri nyama ya mnyama aliyekutwa na ugonjwa isiliwe, na Shirika la Afya Duniani limeshauri prioni za aina yoyote zisiingie kwenye chakula cha watu. Sababu wanaijua: ng'ombe wazimu naye alidhaniwa ni ugonjwa wa ng'ombe tu, mpaka mwaka 1996 Uingereza ilipotangaza kwamba kuna watu waliougua. Na maabara imeonyesha kwamba kima wa Amerika ya Kusini aina ya saimiri huugua wakipewa prioni za kulungu. Mimi kwa hayo nimeridhika kwamba kupima si woga.

Uwindaji umebadilishwa vipi

Msimu wa kwanza baada ya habari za Mount Horeb, mauzo ya leseni Wisconsin yalishuka kwa karibu asilimia 10. Hilo si jambo dogo, kwa sababu huku hifadhi ya wanyama hulipiwa kwa sehemu kubwa na wawindaji wenyewe: pesa za leseni, pamoja na kodi ya bunduki na risasi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1937. Mwindaji akiacha, mfuko wa kupambana na ugonjwa nao unapungua.

Wisconsin ilianza kwa ukali, ikataka kulungu wote wa eneo lililoathirika wapigwe. Wenye mashamba na wawindaji wengi walikataa, siasa ikaingia, na miaka michache baadaye mpango ule ukaachwa. Jirani yake Illinois iliendelea kimyakimya na walenga shabaha wa serikali wanaopunguza kulungu majira ya baridi kwenye vituo vya maambukizi tu, na kiwango chake kikabaki chini kwa miaka mingi huku cha Wisconsin kikipanda. Leo sehemu za kusini-magharibi ya Wisconsin, dume mzima akipimwa, uwezekano wa kukutwa nao unakaribia nusu kwa nusu. Na Wyoming, watafiti waliofuatilia kulungu wa mkia mweupe walikuta idadi inapungua kwa zaidi ya asilimia 10 kila mwaka katika eneo lenye maambukizi makubwa. Msitu haujawa mtupu, ila wazee wenye pembe kubwa, wale ambao mwindaji huwaota mwaka mzima, ndio wanaotoweka kwanza.

Hatua ya 1: kabla ya msimu

Ikiwa umezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baadaye, Wisconsin inakutaka uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji kabla ya kununua leseni. Jisajili mapema, maana nafasi hujaa Septemba. Nguo ya juu, angalau nusu yake, iwe ya rangi ya chungwa inayong'aa au waridi inayong'aa, na kofia vilevile.

Kisha fungua ramani ya Idara ya Maliasili na utazame kaunti yako. Kama ni kaunti iliyoathirika, mambo mawili yanabadilika. Kwanza, kumwaga mahindi au kuweka chumvi ili kulungu waje ni marufuku, kwa kuwa wanapokusanya pua mahali pamoja wanapeana mate. Pili, mzoga mzima hauruhusiwi kusafirishwa popote upendapo. Unabaki ndani ya kaunti zilizoathirika na zinazopakana nazo, isipokuwa unampelekea mchinjaji mwenye leseni ndani ya saa 72 tangu kumsajili. Ukivuka mpaka wa jimbo ni kali zaidi. Minnesota, kwa mfano, haipokei mzoga mzima kutoka nje. Nyama iliyotolewa mifupa, ngozi, na pembe zenye kipande cha fuvu kilichosafishwa kabisa ndivyo vinavyopita kwa kawaida. Sheria hizi hurekebishwa kila mwaka, kwa hiyo soma za mwaka huu hata kama mwaka jana ulizisoma.

Nunua vitu hivi mapema: glavu za mpira jozi kadhaa, visu viwili au vitatu, turubai safi, mifuko minene ya taka, mifuko ya friza na kalamu ya wino usiofutika. Msumeno uache nyumbani. Nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 2: porini

Ukimwona kulungu amekonda, anadondosha mate au anazunguka pale pale, usimguse. Andika mahali ulipo, piga simu ofisi ya Idara. Anaweza kuwa na jeraha au ugonjwa mwingine, lakini hao wa Idara ndio wanaotakiwa kujua.

Kama lengo lako ni chakula na si pembe, jike mchanga au mtoto wa mwaka huu ni chaguo zuri. Nyama yake laini, na uwezekano wa kuwa na ugonjwa ni mdogo kuliko wa dume mzee, ambaye kwa kawaida huwa nao karibu mara mbili ya jike. Usilenge kichwa wala shingo. Risasi kwenye ubongo au uti wa mgongo husambaza hasa kile tunachokikwepa, na inaweza kuharibu tezi zinazohitajika maabara. Lenga nyuma ya bega, kwenye mapafu na moyo.

Kwa Muislamu anayemchinja mnyama aliyemkuta bado na uhai: kata koo na mishipa kama ulivyofundishwa, ila usiendelee hadi kwenye uti wa mgongo, wala usichimbe karibu na pembe ya taya. Chini ya hapo ndipo zilipo tezi za kupimwa. Mkato wa kawaida wa koo hauharibu kipimo.

Msajili kulungu wako kwa simu au mtandaoni kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata. Namba utakayopewa iandike. Utaihitaji kwenye fomu ya kipimo.

Hatua ya 3: kuchuna na kutoa minofu

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo tabia zetu za bucha zinahitaji kubadilika. Nyumbani tumezoea nyama ipasuliwe pamoja na mfupa: shoka linapita uti wa mgongo, mbavu zinakatwa vipande, kila sufuria inapata mfupa wake. Kwa kulungu wa maeneo haya usifanye hivyo. Ukipitisha msumeno au panga katikati ya mgongo, unasambaza uboho wa uti wa mgongo kwenye nyama yote.

Vaa glavu. Ukitaka njia iliyo safi zaidi, usipasue tumbo kabisa. Mlaze kulungu ubavu kwenye turubai, chana ngozi mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani, uivute kuelekea tumboni. Bega la mbele halina kiungo cha mfupa kinacholishika mwilini. Pitisha kisu kati yake na mbavu na linatoka zima. Kisha kata sarara ndefu ya mgongoni: ingiza kisu kando ya uti, ukiufuata kwa nje bila kuupasua, ukishuka kwenye mbavu hadi mnofu utoke kipande kimoja. Paja la nyuma linatolewa kwenye kiungo cha nyonga, kwa kutafuta pale mfupa unapozunguka na kukata mishipa yake. Mgeuze, ufanye upande wa pili. Sarara ndogo za ndani utazipata mwishoni kwa kuingiza mkono nyuma ya mbavu za mwisho na kuusukuma utumbo pembeni.

Mezani, toa mifupa ya paja na bega. Ukifungua misuli utakutana na vijidonge vya kijivu au kahawia vilivyozungukwa na mafuta, hasa katikati ya paja na mbele ya bega. Hizo ni tezi za limfu. Zitoe nzima pamoja na mafuta yake, usizipasue. Mafuta meupe nayo yaondoe. Mafuta ya kulungu hayana ladha nzuri hata hivyo, yanaganda mdomoni.

Visivyoingia jikoni ni ubongo, macho, ulimi na mizizi yake ya kooni penye tonsili, uti wa mgongo, bandama, na tezi zote. Nami naongeza mifupa yote na utumbo, kwa kuwa mishipa na tezi zimejaa humo. Ulimi wenyewe wengine huula. Mimi nauacha, kwa sababu umekaa jirani mno na tonsili. Najua supu ya kichwa ni heshima ya mgeni kwetu. Nunua kichwa cha mbuzi.

Hatua ya 4: kupeleka kipimo

Kata kichwa ukiacha shingo ya inchi 3 hadi 5, yaani kama upana wa kiganja, ikiwa bado imeshikamana nacho. Tumia kisu ulichokitenga kwa kazi hiyo tu, upite kwenye kiungo kati ya pingili na pingili. Pembe unaweza kuzitoa na kubaki nazo. Kichwa kiingie mifuko miwili, kimoja ndani ya kingine.

Idara ya Maliasili imeweka vibanda vya kujihudumia sehemu nyingi za jimbo. Ndani utakuta fomu, mifuko na lebo. Jaza jina, simu, namba ya usajili na mahali hasa mnyama alipopigwa, funga lebo, tumbukiza kichwa kwenye pipa. Baki na kipande cha karatasi chenye namba ya sampuli. Hulipi chochote. Usiache kichwa kikae siku nyingi kwenye joto, maana tezi zikioza hakuna majibu. Maabara hutazama zaidi tezi zilizo nyuma ya koo, ambako prioni huonekana mapema kuliko kwenye ubongo.

Hatua ya 5: kusubiri

Majibu huchukua kama wiki mbili, na wakati wa msimu mkubwa yanaweza kuchelewa. Nyama iende friza, mifuko ikiwa imeandikwa tarehe na namba ya sampuli. Kama una kulungu wawili, usichanganye hata kipande. Soseji na nyama ya kusaga ngojea. Mashine moja ya kusagia inaunganisha wanyama wote kuwa mmoja. Ukimpelekea mchinjaji, mwambie waziwazi unataka kulungu wako ashughulikiwe peke yake na urudishiwe nyama yake. Wengine huchanganya nyama za wateja kwenye soseji, na akikuambia hawezi kutenganisha, tafuta mwingine.

Wakati huo nyama isigawiwe. Ni vigumu, kwa sababu kwetu aliyepata kitoweo hugawa siku hiyo hiyo, na shangazi atauliza. Mwambie anasubiri majibu pamoja na wewe.

Hatua ya 6: majibu

Jibu likisema ugonjwa haukuonekana, maana yake ni hiyo tu: haukuonekana. Mnyama aliyeambukizwa wiki chache nyuma anaweza asionekane. Hata hivyo ni kipimo bora tulicho nacho, na nyama hiyo mimi naila na kuwalisha wanangu.

Likisema umeonekana, usile, usimpe mbwa, usitoe maini tu ukasema ni salama. Idara huwasiliana na wewe na kukueleza pa kutupa. Inauma kutupa nyama uliyoihangaikia, kwa mtu aliyelelewa kwamba chakula hakitupwi inauma mara mbili, lakini hakuna mapishi yatakayoiokoa.

Visu, meza na mabaki

Sugua visu kwa sabuni mpaka pasibaki hata uzi wa nyama, kisha vilowekwe kwenye jiki kwa dakika zisizopungua 5: vikombe 2 vya jiki ya nyumbani, mpya na isiyo na manukato, kwa vikombe 3 vya maji. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2019 kwamba kiwango hicho, asilimia 40, huiharibu prioni ya kulungu iliyoko juu ya chuma. Haiingii ndani ya nyama, ndiyo maana kusugua kunatangulia. Suuza vizuri ili chuma kisiliwe, na usichanganye jiki na siki wala amonia. Ubao wa mbao unanyonya, usiutumie. Tandika plastiki nene ya kutupa.

Mifupa, ngozi na utumbo vifungwe mifuko miwili na kwenda kwenye jalala rasmi au mapipa maalumu ya mizoga yanayowekwa wakati wa msimu. Usivirudishe msituni kwa fikra kwamba mbweha watakula, hasa kama ulimsafirisha kutoka kaunti nyingine. Ugonjwa umeweza kuruka maili nyingi kwa njia ya gari kuliko kwa miguu ya kulungu.

Ukiletewa nyama

Wengi wetu hatuwindi. Mzee wa kanisani, mwenye nyumba, mwenzako wa zamu ya usiku kiwandani, anakuja na mfuko wa nyama na moyo mweupe. Pokea kwa shukrani, kisha uliza mambo matatu: alipigwa kaunti gani, amepimwa, na majibu yametoka? Wawindaji wa huku wamezoea maswali hayo na hawakasiriki. Kama majibu bado, weka mfuko friza, andika jina lake na tarehe, umpigie baada ya wiki mbili. Kama hakupima na kaunti ni iliyoathirika, rudisha kwa adabu, useme una watoto wadogo. Nyama ya kulungu inayogawiwa bure kupitia mpango wa jimbo wa kuchangia chakula, ikitoka kaunti zilizoathirika, hupimwa kabla ya kutolewa; hiyo unaweza kuitia kwenye sufuria usiku huo huo, tangawizi na kitunguu saumu kwa wingi, na moto mdogo kwa muda mrefu, kwa kuwa paja la kulungu ni gumu.